Usafi wa Nyumba Si Kazi ya Mama Peke Yake

Kila mvua za masika zinapokaribia hatuna budi kulikumbushana jambo moja ambalo wengi huliona dogo: hali ya majumba yetu. Mwaka 1978 kipindupindu kiliingia Zanzibar na kuua watu 51. Mwaka 2015 na 2016 maradhi hayo yaliwarejea tena watu wa Unguja na Pemba, na maiti wakatoka katika nyumba zilizokuwa na watu wazima wenye akili zao. Maradhi haya hayaangukii watu kutoka mbinguni. Hupita katika maji na chakula kilichoingiwa na kinyesi.

Kwa kuwa maji ya mfereji hayatoki kila saa, takriban kila nyumba ina pipa, ndoo au mtungi. Hapo ndipo ulinzi unapoanza. Chombo cha maji ya kunywa kiwe na kifuniko, na maji yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu ili mkono usiyaguse. Maji yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Sabuni iwekwe karibu na choo, maana sabuni iliyofungiwa kabatini haimlindi mtu.

Tena tusidhani kwamba maji masafi hayana hatari. Mbu anayeeneza homa ya dengi, ambaye huuma mchana, hutaga katika maji hayo hayo tuliyoyahifadhi, katika vifuu na mipira chakavu ya magari. Mayai yake hunata ubavuni mwa chombo na huweza kuishi miezi hata chombo kikikauka. Kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi: pipa lisuguliwe kwa brashi kila wiki.

Upande wa usalama, mafuta ya taa yasitiwe katika chupa ya soda. Mtoto huiona chupa akadhani ni kinywaji. Akishakunywa asitapishwe, kwani mafuta huweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja. Seredani la makaa nalo lisilazwe ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu usingizini.

Akitokea mtu wa kuharisha nyumbani, asingojewe mpaka alegee, kwani kipindupindu huweza kuua kwa saa chache. Lita 1 ya maji safi itiwe vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, na mgonjwa apewe kidogo kidogo huku akipelekwa kituo cha afya.

Lakini tutakuwa si waadilifu tukiwalaumu akina mama tu. Mama anaweza kufagia ua alfajiri, na jaa lililo nyuma ya nyumba likakaa wiki nzima bila ya kuzolewa. Anaweza kufunika mtungi wake, na karo la jirani likafurika likaingia kisimani. Baba mwenye nyumba ndiye mwenye jukumu la karo na choo. Watoto wakubwa, wa kiume na wa kike, washike brashi. Sheha azungukie mitaa yake kabla ya mvua, si baada ya msiba. Na ofisi zinazohusika na maji na taka zikumbuke kwamba Serikali ilijiwekea mpango wa 2018 hadi 2027 wa kukitokomeza kipindupindu. Mpango hautekelezwi kwa makaratasi, bali kwa mifereji yenye maji na magari ya taka yanayofika mitaani.

Dini imetufundisha kwamba hapana sala pasipo tohara. Basi tohara hiyo isiishie mlangoni pa msikiti. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Na katika visiwa hivi, ambako kuta zetu zimegusana na visima vyetu ni vya jamii, wa kwao ni sisi sote.