Kurahisisha Orodha ya Kuwashia Kompyuta

Kompyuta moja yaweza kuhifadhi mifumo endeshi miwili, lakini huendeshwa na mmoja tu kwa wakati. Tuchukue mfano wa nyumba mjini Songea ambamo mzazi huandika barua kwa Windows, na mwanafunzi hujifunza kutunga programu kwa Ubuntu. Kompyuta yao inapowashwa, programu ndogo iitwayo GRUB huonyesha orodha ya mifumo, hungoja sekunde chache, kisha hufungua ule uliopangwa.

Orodha hiyo isirekebishwe katika faili ya grub.cfg, kwani faili hiyo huandikwa upya na kompyuta yenyewe, na masahihisho yote hufutika. Mahali pake ni faili ya /etc/default/grub. Humo, GRUB_DEFAULT hutaja mfumo utakaofunguliwa, hesabu ikianzia 0 wala si 1. GRUB_TIMEOUT hutaja sekunde za kungoja. Sekunde 5 zatosha. Zikiwa 0, huenda orodha isionekane na mfumo wa pili ukawa mgumu kufikiwa. Baada ya hapo, amri ya sudo update-grub huunda orodha mpya.

Viini vya zamani vya Ubuntu navyo viondolewe, ila kimoja kilichothibitika kufanya kazi kibakizwe. Kipya kikishindwa, hicho ndicho kitakachoiwasha kompyuta.