Ziwa Edward: Mvuvi, Mlinzi na Kiboko

Mara nyingi tumewasikia wazazi wakiuliza: «Parki ni mali ya nani?» Swali hilo huulizwa kwa uchungu, na kwa kawaida mwenye kuuliza ni mtu ambaye tembo walikanyaga shamba lake usiku wa jana. Hatutalijibu kwa maneno makubwa. Tutazame tu ziwa moja, na samaki anayefika mezani mwetu kutoka humo.

Ziwa Edward lina kilometa za mraba zipatazo 2,300. Sehemu kubwa ni ya Kongo, nayo iliyobaki ni ya Uganda. Maji ya upande wetu yamo ndani ya Parki ya Virunga, iliyoanzishwa tarehe 21 Aprili 1925 kwa jina la Parki Albert, ikawa parki ya taifa ya kwanza katika Afrika. Ilipanuliwa mpaka mwaka 1935, na jamaa nyingi zilizokaa bondeni zikahamishwa. Wako waliokubali bila kufahamu vizuri walichokubali, na wako ambao hawakuulizwa kabisa. Watoto na wajukuu wao hawajasahau. Mwenye kuhubiri ulinzi wa wanyama huku akiuruka ukurasa huu wa historia, asishangae watu wakimgeuzia mgongo.

Hata hivyo wavuvi hawakufukuzwa wote. Vijiji vitatu vya uvuvi vinatambuliwa na sheria upande wa Kongo: Vitshumbi na Nyakakoma kusini, na Kyavinyonge kaskazini. Masharti yao ni ya namna yake: mtu anaruhusiwa kuvua, lakini haruhusiwi kulima. Basi mkaaji wa Vitshumbi hununua muhogo, maharagwe na mboga kwa fedha ya samaki. Samaki akikosa, hana shamba la kumwokoa. Ndiyo maana mambo ya nyavu, ambayo mtu wa mjini huyaona madogo, huko ni mambo ya chakula cha jioni na karo ya shule.

Tumfikirie huyo tilapia. Mama tilapia hachimbi shimo na kuyaacha mayai yake yajilinde. Huyachukua kinywani mwake, na wadogo wakiisha kuanguliwa hukimbilia humo tena wakiona hatari. Kwa siku hizo hukaa karibu na ufuko, penye maji mafupi na majani, na pale mito iingiapo ziwani. Mvuvi atandaye wavu wa matundu madogo mahali hapo havui samaki mmoja, anavua uzao mzima. Wavuvi wazee wanalijua jambo hili kuliko sisi tuliolisoma vitabuni, nao ndio wa kwanza kukasirika wakimwona kijana akivuta wavu wa namna hiyo usiku.

Sasa kiboko. Usiku hutoka majini akala majani mengi, kiasi cha kilo 40 hivi, na mchana hurudi majini na kuacha mavi yake humo. Mavi hayo hulisha vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo ni chakula cha tilapia. Miaka ya 1970 viboko wa Parki walihesabiwa kuwa zaidi ya 25,000. Mwaka 2005 hawakufika 1,000. Waliuawa na watu wenye bunduki, miongoni mwao askari na waasi, kwa ajili ya nyama na meno. Pamoja na nyavu haramu na mitumbwi iliyozidi, jambo hilo lilipunguza riziki ya ziwa. Kumbe aliyemwua kiboko alikuwa akimwibia mvuvi, ingawa wote wawili hawakufahamu.

Je, mlinzi peke yake aweza kulilinda ziwa kama hili? Hawezi. Ziwa ni pana, na mtumbwi wa magendo hauna taa. Ushirika wa uvuvi, ujulikanao kwa jina la COPEVI, na kamati za wavuvi zina kazi ambayo bunduki haiwezi kuifanya: kujua mtumbwi huu ni wa nani, wavu huu umetoka wapi, na nani analala njaa hata akathubutu kuvunja sheria. Lakini kamati haipati heshima ikiwa mvuvi maskini ananyang'anywa wavu, na mkubwa mwenye mitumbwi kumi anapita kwa sababu ametoa kitu kidogo. Haipati heshima pia ikiitwa kutia sahihi tu, baada ya mashauri kwisha.

Wengine husema kwamba wanakijiji hawana subira ya kutunza msitu wala ziwa. Hao waende Lubero. Huko, mwaka 1998, masultani wa Batangi na Bamate walikubali wenyewe kutenga msitu wa Tayna kwa ajili ya sokwe, na mwaka 2006 serikali iliutambua kuwa hifadhi. Agizo la mwaka 2014 nalo limeziruhusu jamii kuomba msitu wao wenyewe, mpaka hekta 50,000. Upande wa Parki, mtambo wa umeme wa Mutwanga ulianza kazi mwaka 2013, na ule wa Matebe mwaka 2015. Mto utokao milimani ukawasha taa za watu.

Tangu vita viliporudi Rutshuru mwishoni mwa 2021, kazi nyingi za namna hiyo zimevurugika. Wavuvi wametozwa kodi na watu wenye silaha, na wakimbizi wameongezeka ufukoni. Mama anayekausha samaki Vitshumbi hawezi kungoja amani ndipo apike. Kesho alfajiri mumewe ataingia ziwani, nao watoto watamngoja ufukoni na vikapu vyao, wakitazama samaki wa leo wana ukubwa gani.