Nchi Iliyotujengea Kikwajuni

Ujerumani Mashariki haimo tena kwenye ramani. Mtoto wa skuli wa Unguja akifungua atlasi yake leo atakuta Ujerumani moja tu, kubwa na tajiri, mji mkuu wake Berlin. Lakini ghorofa za Kikwajuni na za Kilimani tulijengewa na ile nyengine, ile ndogo iliyokufa, na mpango wa mji wa 1968 uliozaa majumba ya Michenzani ulichorwa na mtaalamu wake, Hubert Scholz. Inafaa basi kujua ilikuwa nchi ya namna gani, watu wake waliishi vipi, na kwa nini iliona haja ya kuja kumwaga zege katika kisiwa ambacho raia wake wengi wasingeruhusiwa hata kukitembelea.

Jina lake rasmi lilikuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani. Ilitangazwa tarehe 7 Oktoba 1949, miaka minne baada ya Hitler kushindwa, katika sehemu iliyokuwa chini ya jeshi la Urusi. Ukubwa wake ulikuwa kilomita za mraba 108,000 hivi, haufiki hata sehemu ya nane ya Tanzania, na watu wake walikuwa kiasi cha milioni 16. Kaskazini ilipakana na bahari ya Baltic, ambako bandari kuu ni Rostock. Ukishuka kusini unafika Saxony na Thuringia, kwenye viwanda na milima: Leipzig ya maonyesho ya biashara, Dresden iliyoteketezwa kwa mabomu mwaka 1945, na Jena ya lenzi na darubini za Zeiss. Jena ina habari zake kwetu. Ndipo alipofariki mwaka 1924 Sayyida Salme binti Said, binti wa mfalme wa Zanzibar aliyeondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg na kuitwa Emily Ruete.

Nchi haikuwa na mafuta wala makaa mazuri ya mawe ya kutosha. Ilichimba makaa ya kahawia, yale laini yenye moshi mzito, ikayatumia kuendeshea viwanda na kupashia nyumba moto. Waliopata kukaa huko wakati wa baridi hawasahau harufu yake: moshi unaingia kwenye koti, kwenye mapazia, na theluji iliyoanguka asubuhi jioni imeshakuwa ya kijivu.

Maisha ya mwananchi yalipangwa na dola tangu kuzaliwa hadi kuzikwa. Kazi ilikuwa haki na pia wajibu. Kodi ya nyumba haikufika hata sehemu ya kumi ya kipato cha familia. Mkate mdogo wa asubuhi uliuzwa senti tano za huko, na bei hiyo haikupanda miaka nenda miaka rudi. Mama aliyejifungua alirudi kazini akijua mtoto ana pahala katika kituo cha kulelea watoto, na matibabu hayakudaiwa pesa mlangoni. Upande wa pili, aliyetaka gari aliandikisha jina na kungoja miaka kumi na zaidi apate Trabant, kigari cha bodi ya plastiki ngumu na injini ya kelele. Ndizi zilikuwa shida kupatikana. Hili mtu wa Unguja hulisikia akacheka, maana kwetu ndizi huozea sokoni, lakini kule foleni ya ndizi ilikuwa jambo la kuhadithiana. Ukuta wa Berlin ulipofunguliwa Novemba 1989, baadhi ya watu wa Magharibi waliwapokea ndugu zao kwa kuwapa ndizi mikononi.

Ukuta wenyewe ulijengwa kuanzia tarehe 13 Agosti 1961. Kabla ya hapo zaidi ya watu milioni mbili na nusu walikuwa wameshahamia Magharibi, wengi wao vijana na wenye ujuzi. Serikali iliyowapa watu wake nyumba rahisi, kazi na dawa ililazimika kuwafungia mlango ili wasiondoke. Haifai kuyazungumza mambo hayo mawili mbali mbali, kwani ndivyo nchi ile ilivyokuwa, yote kwa pamoja.

Mshikamano na mataifa mengine ulikuwa na daftari lake. Karibu kila mfanyakazi alikuwa mwanachama wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ambalo mwishoni lilikuwa na wanachama zaidi ya milioni 9. Kila mmoja alikuwa na kitabu kidogo cha uanachama, na kila mwezi alibandika ndani yake stempu ya ada aliyolipa. Pembeni ya stempu hizo zilibandikwa nyengine, stempu za mshikamano: fedha za Vietnam, za Chile, za wapigania uhuru wa Afrika. Kwa maneno ilikuwa hiari. Kwa vitendo, asiyebandika alionekana, na bosi wake angeweza kumuuliza kulikoni. Hata hivyo si haki kusema wote walilazimishwa. Wazee waliokumbuka njaa na mabomu ya vita walikuwepo, na vijana walioamini kweli kwamba mkoloni hajaondoka Afrika walikuwepo pia. Jumuiya ya vijana wa nchi hiyo ilianza mwaka 1964 kupeleka brigedi za urafiki Afrika, za mafundi waashi, mafundi umeme na makanika wa matrekta.

Kwa upande wa serikali hesabu ilikuwa nyengine. Ujerumani Magharibi tangu 1955 ilishikilia kwamba taifa lolote litakaloitambua Ujerumani Mashariki limejitenga nayo, na misaada itakatwa. Kwa hiyo Berlin ya Mashariki ilihitaji rafiki mmoja asiyeogopa tishio hilo. Ikampata Unguja. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa tarehe 12 Januari 1964, na wiki chache tu baadaye serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ikaitambua Ujerumani Mashariki, ikawa ya kwanza Afrika kufanya hivyo. Kisiwa kidogo kikawa kimefungua mlango wa Afrika ambao Berlin ya Mashariki ilikuwa ikiusukuma bila mafanikio. Ahadi za nyumba zilikuja pamoja na balozi.

Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 ukaleta mgogoro. Tanganyika ilikuwa ikipokea misaada mingi ya Bonn, mji mkuu wa Ujerumani Magharibi, na Bonn haikutaka kuona bendera ya Mashariki popote ndani ya Jamhuri mpya. Mwalimu Nyerere alitafuta njia ya kati: ubalozi wa Unguja ushushwe hadhi, Dar es Salaam kuwe na konseli tu. Bonn haikuridhika, na mapema 1965 ikawaondoa ghafla wakufunzi wake wa kijeshi. Nyerere akajibu kwa kuiambia ichukue na misaada yake yote iliyobaki. Wachache katika Afrika ya wakati ule waliweza kumjibu tajiri hivyo, na kwa maoni yangu jibu lile lilifundisha zaidi kuhusu ushirikiano wa kimataifa kuliko hotuba nyingi zilizotolewa baadaye.

Tugeuke kwenye zege. Ukisimama kwenye mzunguko wa Michenzani, barabara mbili pana zinakutana msalaba, na kila upande majumba marefu yamejipanga, kila moja kiasi cha mita mia tatu. Yako kumi. Hakuna anayesema anakaa mtaa fulani. Anasema anakaa jumba namba fulani. Ujenzi ulianza 1970 kwa mikono ya Wazanzibari, wengi wakiitwa kwenye kazi za kujitolea baada ya saa za kazi, na Karume aliuawa Aprili 1972 pale Kisiwandui, hatua chache tu kutoka hapo, kabla ya kuona hata nusu yake. Waliopewa nyumba walipewa bure. Mtu aliyelala kwenye nyumba ya udongo na makuti huko Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, aliamka ghorofa ya tatu akiwa na bomba la maji, choo cha ndani na swichi ya taa.

Wakosoaji wanasema Ng'ambo ya zamani, yenye vichochoro, baraza na misikiti yake, ilikatwa vipande ili kupisha majumba hayo. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba ndani ya ghorofa watu waliirudisha Ng'ambo yao. Pita jioni uone: ngazi za zege zimelika ncha, ndoo zinapandishwa siku maji yanapokuwa hafifu, nguo zimeanikwa kila ukingo, na chini ya jumba wazee wamekaa na bao, mwengine na meza ya urojo. Mjerumani alibuni pahala pa kupita watu, watu wamepageuza kuwa baraza.

Mwaka ule ule wa mapinduzi, 1964, Wajerumani wa Mashariki nao kule kwao walianza kujenga mji mpya pembezoni mwa Halle, Halle-Neustadt, kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya kemikali. Ulijengwa kwa vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani na kupangwa kwa winchi. Mitaa haikupewa majina. Nyumba zilitambulishwa kwa namba za bloku, na Bloku ya 10, yenye urefu wa mita 380, ilikuwa miongoni mwa nyumba ndefu kabisa za nchi. Mkaazi wa Michenzani angejiona nyumbani: namba badala ya mtaa, jumba refu kama treni iliyosimama stesheni, na njia za kupita katikati yake. Tofauti ni kwamba kule upepo wa Januari unapasua midomo, na radieta chini ya dirisha haikuwa anasa.

Urafiki ule ulikuwa na upande wa giza, na haufichiki. Wizara ya usalama ya nchi hiyo, Stasi, mwaka 1989 ilikuwa na watumishi wapatao 91,000, mbali na watoa habari wa siri waliopeleleza majirani, wanafunzi wenzao, hata wake na waume zao. Mkuu wa ujasusi wake wa nje, Markus Wolf, alifika Unguja mwenyewe mwaka 1964 na kuliandika jambo hilo katika kumbukumbu zake. Washauri wake waliifundisha idara ya usalama ya Zanzibar kazi. Wazee wanaokumbuka miaka ile, watu wakichukuliwa usiku na familia zikiogopa kuuliza wapi, wanajua kwamba kilichoshuka kutoka melini hakikuwa saruji peke yake. Anayeisifu Kikwajuni na kunyamazia hilo anasimulia nusu.

Vijana wetu nao walivuka kwenda kule. Wengi walianza Leipzig, kwenye Taasisi ya Herder, kujifunza Kijerumani kwanza. Wauguzi walipelekwa Quedlinburg, waandishi wa habari skuli ya Berlin, wanachama wa vyama vya wafanyakazi chuo cha Fritz Heckert huko Bernau, ambako mwandishi wetu Adam Shafi ni mmoja wa waliopita. Walipewa posho, koti zito na kitanda kwenye bweni. Walipata pia, wengi wao, macho ya kukodolewa ndani ya tramu. Ukarimu wa kitaifa ulikuwa na mipaka yake: wafanyakazi wa mkataba kutoka Msumbiji na Vietnam waliofika baadaye walikaa mabweni ya peke yao, na mwanamke aliyepata mimba alitakiwa aitoe au arudishwe kwao. Neno mshikamano lilibandikwa ukutani mwa mabweni hayo hayo.

Hata redioni walishindana juu ya masikio yetu. Cologne, Ujerumani Magharibi, ilianza matangazo ya Kiswahili ya Deutsche Welle mwaka 1963, na Berlin ya Mashariki ikawa na yake kupitia Radio Berlin International. Msikilizaji wa Malindi au Mkunazini angeweza kusikia Ujerumani mbili zikitukanana kwa Kiswahili fasaha. Ya pili ilinyamaza Oktoba 1990, usiku wa kuamkia muungano wa Ujerumani mbili, na mitambo yake ikachukuliwa na mwenzake.

Tarehe 3 Oktoba 1990 nchi ikafutika. Viwanda vingi vikafungwa au kuuzwa kwa bei ya kutupa, na mamilioni wakajua kwa mara ya kwanza maana ya kukosa kazi. Wajerumani walijitoza kodi ya ziada, wakaiita kodi ya mshikamano: ilianza 1991, na kwa muda mrefu kiwango chake kilikuwa asilimia 5.5 juu ya kodi ya mapato. Walipaji wengi hawakuachiwa mpaka 2021. Safari hii mshikamano ulikuwa wa Mjerumani kwa Mjerumani, na manung'uniko yake yalifanana sana na ya mlipaji yeyote wa kodi.

Ujerumani iliyobaki inajivunia urithi mwengine, wa zamani zaidi. Bismarck alianzisha bima ya matibabu mwaka 1883 na pensheni ya wazee mwaka 1889, mzee akianza kulipwa akiwa na miaka 70. Zanzibar ilipoanzisha pensheni jamii mwaka 2016, kwa fedha za serikali yenyewe, ilianza na umri huo huo wa miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, na haikumuuliza mzee kama amewahi kuajiriwa. Katika hili la mwisho sisi tulikwenda mbele ya Bismarck, kwani pensheni yake ilimtaka mtu awe amechangia.

Na misaada? Ulaya ya leo haijengi majumba ya mita mia tatu. Hospitali ya Haukeland ya Norway imeshirikiana miaka mingi na hospitali ya Mnazi Mmoja, ambayo kwa muda iliitwa V. I. Lenin. Umoja wa Ulaya ulichangia kituo cha kumbukumbu ya biashara ya watumwa pale Mkunazini. Na Potsdam, mji uliokuwa Mashariki, mwaka 2017 ulifunga udugu rasmi na mji wa Zanzibar, kazi zake zikiwa zaidi za tabianchi na mazingira.

Kule Halle-Neustadt mambo yamegeuka. Vijana walihamia Magharibi kutafuta kazi, vyumba vikabaki vitupu, na serikali ikaanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulipia ubomoaji. Katika majimbo ya Mashariki zaidi ya nyumba laki mbili zimevunjwa kwa kukosa watu. Michenzani tatizo ni kinyume chake: chumba kilichopangiwa familia moja mara nyengine kina wajukuu ndani, na atakayesikia kwamba kuna pahala wanabomoa ghorofa nzima kwa sababu hazina wa kuzikaa atauliza kwanza kama anataniwa.