Kadi Nzima, Kompyuta Nzima, Mbona Inazimika?

Ndugu msomaji, huenda nawe nyumbani kwako yumo kijana anayejipatia riziki kwa kompyuta, akihariri video za harusi au akichora kadi za mialiko. Basi makala haya yanakuhusu, maana yaliyotufika mimi na mdogo wangu yaweza kukufika nawe, tena hasara yake si ya fedha peke yake.

Kompyuta ya mdogo wangu ni mtumba uliotoka ofisini, mashine imara lakini isiyo na kadi ya picha. Kadi hiyo, kwa wasioijua, ni kibao chenye feni kinachopachikwa ndani ya kompyuta ili kiibebe kazi ya kuchora picha na kuzipeleka kwenye kioo. Mashine isiyo nayo humtwika prosesa mzigo huo wote, na kazi ya saa moja ikageuka kuwa ya usiku kucha. Kwa miezi saba kijana alidunduliza, hata akanunua kadi kubwa iliyokwisha kutumika.

Siku alipoipachika, picha ilitokea vizuri kabisa, akaniita nikaione. Lakini alipoanza kuitayarisha video ya harusi ya watu, kompyuta ilizimika ghafla kama kibatari kilichopulizwa. Akaiwasha, ikawaka. Akaanza kazi tena, ikazimika. Ilizimika mara nne usiku ule.

Mimi, badala ya kumsaidia, nilimkaripia. "Umeuziwa kadi mbovu. Miezi saba yote umeitupa!" Fundi wa kwanza, bila hata kulifungua kasha, alisema kadi imeungua. Wa pili alisema kilichoharibika ni mazabodi, yaani ule ubao mkuu unaobeba vyombo vyote, na akashauri tununue kompyuta nyingine. Huku mwenye harusi akipiga simu kila jioni, mdogo wangu aliacha kukaa nasi wakati wa chakula.

Hatimaye ni yeye mwenyewe aliyepata njia. Aliniambia, "Kaka, tubadilishe kitu kimoja kimoja tuone." Tukaiondoa kadi na kuirudisha kompyuta kama ilivyokuwa. Ilifanya kazi hadi asubuhi pasipo kuzimika. Kumbe mazabodi ni nzima. Jioni yake tukaipeleka kadi kwa jirani mwenye kompyuta kubwa, ikahariri video saa mbili mfululizo. Kumbe na kadi nayo ni nzima. Ikawa kila kimoja kizima kikiwa peke yake, na vikikutana havipatani.

Ndipo tulipokitazama kile kisanduku cha chuma kigawacho umeme ndani ya kompyuta, ambacho mafundi hukiita pawa saplai. Ubavuni pana karatasi iliyoandikwa nguvu yake: wati 240.

Tufanye hesabu pamoja, ndugu msomaji. Prosesa nyingi za kompyuta za ofisini zimekadiriwa kutumia wati 65. Kadi kama GeForce RTX 3060, iliyotoka mwaka 2021, imekadiriwa wati 170, na kadi ya mdogo wangu ilikuwa ya kiasi hicho. Jumla ni 235, kabla hujahesabu mazabodi yenyewe, diski na feni. Tena kadi ikichapa kazi, mahitaji yake huweza kuruka juu ya makadirio kwa kitambo kidogo sana. Kisanduku kikizidiwa hujizima ili kisiungue. Kwa hiyo kompyuta ilikaa salama ilipokuwa inaonyesha picha tu, na ikazimika kila ilipotwishwa mzigo. Watengenezaji wa kadi hiyo ya RTX 3060 wanataka kisanduku cha wati 550.

Palikuwa na hatari nyingine. Tundu ambamo kadi hupachikwa hutoa wati zisizozidi 75. Kadi inayotaka zaidi huongezewa kwa waya wake maalumu: wa pini 6 huongeza wati 75, na wa pini 8 huongeza 150. Kisanduku chetu hakikuwa na waya huo, na muuzaji alimpa kijana kiungo cha kuchota umeme kutoka plagi 2 za SATA, ambazo ni za diski. Kila plagi ya namna hiyo imekadiriwa kubeba wati 54 tu za umeme unaohitajiwa na kadi. Mbili ni 108, nazo zilitakiwa zibebe 150. Tulipozigusa zilikuwa za moto. Tungeendelea kwa ukaidi, huenda zingeyeyuka.

Tulikuwa na njia mbili: kukuza kisanduku au kupunguza kadi. Visanduku vya kompyuta nyingi za ofisini vina umbo na plagi za peke yake, na chetu kilikuwa cha jinsi hiyo. Kwa hiyo kadi kubwa iliuzwa, tena kwa hasara kidogo, ikanunuliwa ndogo ya jamii ya GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, ambayo aghalabu hutosheka na zile wati 75 za tundu. Haina kasi ya ile ya kwanza, lakini haizimiki.

Yako huenda ikawa na ugonjwa mwingine. Feni zikizunguka na kioo kikabaki cheusi, tazama kwanza waya wa kioo: lazima uchomekwe kwenye kadi mpya, wala si kwenye tundu la zamani la mazabodi. Kisha hakikisha kadi imezama sawasawa mpaka kibanio chake kikalia. Picha ikitokea na maandishi makubwa yenye ukungu, au ikikatikakatika, ondoa draiva ya zamani, yaani programu iiongozayo kadi, kisha weka ile inayotolewa na mtengenezaji wa kadi yako. Kabla ya kufungua kasha, chomoa waya wa umeme, bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde chache, na gusa chuma cha kasha ili umeme wa mwilini usiidhuru kadi. Kisanduku cha umeme chenyewe usikifungue kamwe, kwani huhifadhi umeme hata kikiwa kimechomolewa.

Na kabla ya kununua, soma karatasi ya kisanduku chako, uandike nguvu yake na plagi zake, uende nayo dukani. Kuuliza si ujinga, na hesabu ile ya dakika tano ingalituokolea wiki mbili za ugomvi.

Video ya harusi ilikabidhiwa ikiwa imechelewa siku tisa, na mwenyewe alikata sehemu ya malipo. Sehemu hiyo niliilipa mimi, kwa kuwa nilimhukumu kijana kabla sijakipima kisanduku. Siku hizi tunakula pamoja tena, na kabla ya kununua chombo chochote yeye ndiye ninayemwuliza kwanza.