Usihamishe Bomba la Majitaka Kabla ya Kuuliza

Mwenye nyumba anapokarabati bafu, huenda akaona bomba nene lililo pembeni mwa chumba kama kizuizi, akamwagiza fundi alikate au alisogeze. Katika nyumba ya ghorofa, bomba hilo si la choo kimoja. Hubeba majitaka ya orofa za juu, na ncha yake hutokeza juu ya paa ili hewa safi iingie na gesi itoke.

Hewa hiyo ina kazi. Maji ya choo yanaposhuka kwa kasi, huvuta hewa nyuma yake. Bomba likizibwa juu, mvuto huo hunyonya maji yanayobaki katika bakuli la choo na kwenye kona iliyo chini ya sinki. Maji hayo ndiyo huzuia gesi; yakiisha, harufu na gesi hatari huingia ndani, hata kwa jirani.

Ikilazimu kulihamisha, upana wake usipunguzwe. Kwa kawaida ni milimita 100 au zaidi. Sehemu inayolala iwe fupi, yenye mteremko wa takriban sentimita 2.5 kwa kila mita, na kona ziwe na vifuniko vya kuzibulia vinavyofikika. Nguzo na mihimili isikatwe.

Kabla ya kubomoa, mwenye nyumba apeleke mchoro katika ofisi ya mipango ya kaunti aelezwe kibali kinachohitajika. Siku ya kazi, wakazi wa orofa za juu waarifiwe mapema wasitumie vyoo hadi bomba liunganishwe.