Macho ya gari la urithi yafunguliwa kwa umeme Kianjai

Mali ya urithi ina mtihani wake. Ukiitumia utaichakaza, ukiifungia itaoza, na ukiibadili watu watasema umemsahau aliyekuachia. Mtihani huu niliukuta Kianjai, upande wa Tigania, kwenye barabara itokayo Meru kwenda Maua. Ulikuwa umekaa ndani ya taa mbili za gari.

Gari lenyewe ni Lotus Elan, kijigari cha Kiingereza, kifupi, cha watu wawili. Elan zilianza kuuzwa mwaka 1962, na aliyezibuni alikuwa mzaliwa wa bara hili letu: Ron Hickman wa Afrika Kusini, yule yule aliyebuni meza ya mafundi ya kukunja iitwayo Workmate. Mwenye gari ni mtu wa kwetu Mombasa, aliyehamia Meru kwa biashara miaka mingi iliyopita. Gari aliachiwa na marehemu babake, Mwenyezi Mungu amrehemu, na tangu hapo halilali nje hata usiku mmoja.

TAA ZINAZOSINZIA

Ndugu msomaji, taa za mbele za Elan si kama za magari mengine. Mchana zimelala ndani ya bodi kama macho yaliyofumbwa. Usiku ukibonyeza swichi zinainuka. Kinachoziinua si umeme. Ni mvuto wa hewa.

Injini ya petroli inapozunguka hufyonza hewa, na mfyonzo huo huweza kufanya kazi nyingine. Mpira mwembamba unauchukua kutoka kwenye injini na kuupeleka kwenye tangi la akiba, lenye valvu ya kuzuia hewa isirudi. Kutoka hapo mipira mingine inakwenda kwenye vikombe viwili vyenye ngozi ndani, kimoja kwa kila taa. Ngozi ikivutwa, taa huinuka. Katika Elan tangi hilo ni bomba la chuma la mbele la chesisi yenyewe. Werevu mkubwa, lakini chuma hicho kikiliwa na kutu, akiba yote huvuja.

Tena mfyonzo wa injini hauna nguvu moja siku zote. Ukiachia mafuta, una nguvu. Ukikanyaga mpaka chini, unapungua. Na kule juu hewa yenyewe ni nyepesi. Sisi wa pwani tunaishi usawa wa bahari, hewa yetu nzito. Meru mjini ni kiasi cha mita 1,500 juu, na huko uzito wa hewa ni kama sehemu tano katika sita za huu wetu. Gari lililoinua taa zake vizuri pale Mombasa, likipanda mlima wa Meru huku dereva amekanyaga mafuta, linakosa nguvu pale pale linapozihitaji.

Ndivyo ilivyomtokea sahibu yangu. Alikuwa akirudi nyumbani baada ya Isha, mkewe kando yake, kwenye kilima chenye kona. Taa ya kushoto ikaanza kusinzia, kisha ya kulia ikafuata. Mbele kulikuwa na watu wa miguu wakitoka sokoni. Alifunga breki, gari likasimama, na hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Lakini mkewe alishuka akasema hapandi tena gari lile usiku mpaka lipate macho.

Zile Elan za mwisho mwisho kiwanda kiliwahi kugeuza mambo: springi ndiyo inayoinua taa, na mvuto wa hewa unazilaza, hivyo hewa ikivuja taa hubaki juu. La marehemu ni la zamani zaidi.

UGOMVI WA NDUGU

Aliposema atatia mota za umeme, nduguze wa Mombasa walikuja juu. Mkubwa wao alipiga simu akasema, "Gari la baba halichokolewi. Likishindwa kutembea usiku, litembee mchana." Mdogo akaongeza kwamba gari likibadilishwa halina thamani tena.

Nilimwuliza yeye ana maoni gani. Akanijibu, "Baba alilinunua alitumie, hakulinunua aliangalie. Lakini sitaki siku moja mwanangu aniulize nililifanya nini gari la babu yake, nikose la kumwambia."

FUNDI WA KANDO YA BARABARA

Kazi alipewa fundi mmoja kijana hapo Kianjai, ambaye gereji yake ni mabati manne na mwembe. Mota alizipata Nairobi, kule Grogan, karibu na Kirinyaga Road, zilikovunjwa Toyota Celica mbili zilizochoka. Wapenzi wa Safari Rally wanaikumbuka Celica: ilishinda mwaka 1990, kisha ikashinda mfululizo tangu 1992 hadi 1995, na mwaka 1994 dereva wake alikuwa Mkenya mwenzetu, Ian Duncan. Taa zake nazo huinuka, ila kwa umeme.

Nilikaa naye siku mbili nikimtazama. Kila taa aliipa mota yake na fyuzi yake, ili moja ikifa nyingine ibaki. Umeme wa mota aliutoa kwenye betri kwa waya mnene kupitia rilei, akaiacha swichi ya zamani ifanye kazi ndogo tu ya kutoa amri. Mota hujizima yenyewe taa ikifika juu au chini, kwa hiyo betri hailiwi bure. Na kwa kuwa ina gia ya parafujo, umeme ukikatika taa hubaki ilipo, haianguki. Juu ya mota kuna kitufe cha kuzungusha kwa mkono, siku ya dhiki.

Mrija wa injini uliokuwa ukilisha taa aliuziba kabisa. "Ukiuacha wazi, mzee," aliniambia, "injini inavuta hewa ya bure, inatetemeka. Na usikosee ukaziba wa breki. Magari mengi breki zake husaidiwa na mvuto huo huo."

Lililonipendeza zaidi ni kwamba hakutoboa tundu hata moja jipya. Vishikio vya mota alivichonga vikae kwenye matundu yale yale ya kiwandani. Vikombe, mipira na valvu alivipangusa, akavifunga kwa karatasi, akavitia ndani ya sanduku na kumkabidhi mwenyewe.

Magharibi ya siku ya pili swichi ilibonyezwa. Taa ziliinuka pamoja, wala hazikutikisika kilima kizima mpaka juu.

Sahibu yangu alimpigia nduguye mkubwa akamweleza habari ya sanduku: atakaye kulirudisha gari lilivyokuwa atahitaji spana na siku mbili tu. Mkubwa alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kuna nafasi ya kuja kulipanda Idi ijayo.

Nami naona fundi yule aliufumbua mtihani ule kuliko sisi wenye maneno. Wengi wetu tuna vitu vya wazee: majahazi, milango ya nakshi, saa za ukutani. Tukilazimika kuvitengeneza ili vituhudumie, tusivitoboe, na tulichokitoa tusikitupe. Amana hutunzwa kwa kutumiwa vizuri, na ajaye baada yetu aachiwe hiari ya kuchagua.