'Mafuta' yasiyo mafuta: Tuiiteje seli ya haidrojeni?

Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani Septemba 2023. Istilahi za taaluma hii sasa zitahitajika madarasani na kwenye karakana. Ipo moja ambayo naipinga: 'seli ya mafuta'.

Kisiwani Mombasa, mafuta ni kitu cha kumiminika: ya taa, ya nazi, ya kupikia. Nahodha wa Bandari ya Kale akisema mashua imeishiwa mafuta, ataka dizeli au petroli. Mwambie fundi wa Mji wa Kale kuwa hii ni seli ya mafuta, atatafuta tangi na moto. Ataambulia patupu.

Ndani ya seli hii hakuna kinachoungua. Haidrojeni huingia upande mmoja, na kichocheo cha platinamu huitenganisha. Protoni hupenya kwenye utando. Elektroni huzungukia kwenye waya na kuwasha taa. Upande wa pili zote hukutana na oksijeni ya hewani, yakatoka maji. Kinadharia, seli moja hutoa volti 1.23 kwenye nyuzijoto 25. Ikibeshwa mzigo, hushuka hadi karibu 0.7.

Itashuka kiasi gani, na lini? Hapo ndipo kompyuta hutumika, na hapo tena lugha hutuponyoka. Wapo wasemao 'mfano wa kompyuta'. Mfano upi? Neno hilo lina kazi tele tayari. Mimi nayatenga mambo mawili. Kielelezo ni milinganyo inayounganisha joto, shinikizo, unyevu na mzigo wa umeme. Uigaji ni kukiendesha kielelezo hicho huku ukibadilisha hali moja moja.

Tuseme tunaiga hewa ya Mombasa. Unyevu wake ni mwingi, na utando hupenda unyevu. Ukikauka, protoni hupita kwa taabu. Lakini maji yakizidi huziba vinyweleo, oksijeni isifike. Kisha kuna chumvi ya bahari: sodiamu hukalia nafasi za protoni kwenye utando, nayo kloridi hudhoofisha platinamu. Kielelezo kilichojengwa kwa hewa safi isiyo na chumvi kitatudanganya hapa pwani.

Kwa hivyo napendekeza 'seli ya fueli'. Eti ni Kiingereza? Na petroli je? Na seli yenyewe? 'Fueli' haimfungi msikilizaji kwenye kitu cha majimaji, na wanaosoma kuhusu fueli za kisukuku wameshaizoea.

Hili si suala la urembo wa lugha tu. Dizeli ikivuja utaiona na kuinusa. Haidrojeni haina rangi wala harufu, na mwali wake hauonekani kwa urahisi mchana. Fundi anayeichukulia kama mafuta atakagua sakafu, akose doa, aseme pako salama. Istilahi mbovu yaweza kumuunguza mtu.